Mfagizi wa Ndege wa Vingunguti

Zubeda binti Mwinjuma ameingia kwenye ndege mara nyingi kuliko mbunge yeyote, na hakuna hata moja iliyoruka naye ndani. Miaka ishirini na mitatu alikuwa mfagizi wa ndege. Abiria wakishashuka, yeye na wenzake wanapanda kwa mlango wa nyuma na mifuko yao myeusi, wana dakika ishirini na tano kabla msimamizi hajaanza kufoka, na katika dakika hizo wanaokota, wanafuta, wanakunja mablanketi, wanasugua vyoo. Kisha wanashuka, abiria wapya wanapanda wakinukia manukato, na ndege inaondoka. Zubeda anabaki chini na ufagio wake.

Lakini mtu asikudanganye kwamba mfagizi hajui safari. Anaijua kuliko aliyekaa dirishani. Ndege iliyotoka Mwanza ilimwachia vikombe na maganda ya karanga, basi. Iliyokaa angani masaa sita ilimwachia mito chini na chakula kilichodonolewa. Ile ya watu walioruka, wakashuka nchi ya watu, wakakaa kwenye viti vya chuma nusu siku, wakaruka tena, hiyo aliijua kabla hajafika siti ya kumi. Soksi. Nepi. Miswaki. Mablanketi yenye jasho la siku mbili, na siku moja meno ya bandia ya mzee wa watu kwenye mfuko wa kiti. Zubeda alijifunza humo kwamba safari ya ndege haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa kukaa, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na niseme mapema, huyu mama ana hasira. Si hasira za kununa, za kusema. Vingunguti nzima, anakoishi, inajua. Muuza maji akipunja anaambiwa hapo hapo, mjumbe wa mtaa akichelewesha barua anafuatwa mpaka kwake. Watu husema Zubeda kazaliwa hivyo. Uongo. Zubeda alikuwa mpole mpaka mwaka 2006.

Mwaka huo, siku ya Alhamisi, mama yake alifariki saa mbili asubuhi. Zubeda alikuwa kazini. Wafagizi walikuwa wanaacha simu zao getini, kwenye kisanduku cha mlinzi, ndiyo sheria ilivyokuwa. Kaka yake mkubwa, Sadallah, alimpigia mara mbili, simu ikaita kwenye kisanduku, na hapo jitihada zikaishia. Wakamwosha mama, wakamswalia adhuhuri, wakamzika. Zubeda alitoka kazini saa tisa, akafika nyumbani saa kumi na sare yake ya kazi, akakuta majirani wanasugua masufuria.

"Tulikupigia hupokei," Sadallah alimwambia. "Na huko uwanjani ni mbali, halafu hawaruhusu mtu kuingia. Tungefanyaje?"

Mbali! Kutoka nyumba ile, ndege zikishuka unaweza kusoma maandishi ya tumboni. Zubeda hakusema neno siku hiyo. Aliyemshika alikuwa dada yake Tunu, aliyemfuata Sadallah kwa kuzaliwa, ambaye ndiye alimwosha mama yao kwa mikono yake. Tunu alimweleza kila kitu, maji yalivyokuwa, uso wa mama ulivyokuwa, akarudia na kurudia mpaka Zubeda akalala. Siku chache baadaye, wakiwa wawili tu wanachambua mchele, Tunu akasema, "Mie nikitangulia, mwanangu asinikose kama wewe ulivyomkosa mama. Hilo nakuachia wewe." Mwanawe, Lulu, alikuwa na miaka mitano, anacheza na vizibo vya soda mlangoni. Zubeda akasema sawa.

Arobaini ya mama haijaisha, Zubeda akaenda kwa bibi mmoja mwoshaji, akajifunza kuosha maiti. Tangu hapo kila mwanamke anayefariki mitaa ile, anaitwa Zubeda. Anaacha anachofanya, anachukua mkoba wake wenye pamba na kafuri, anakwenda. Anaosha vizuri, taratibu, anazungumza na maiti kwa jina. Na kabla hajamwaga maji ya kwanza anauliza swali moja: watoto wake wa kike wote wapo?

Basi Tunu naye akatangulia. Ilikuwa Jumanne, mwaka jana, adhuhuri, hospitalini, sukari ilishampanda na figo zilishachoka. Baba yake Lulu alifariki zamani, kwa hiyo msiba ukawa wa Sadallah kuuendesha, kaka mkubwa, katika nyumba ile ile ya mama yao. Kwa kawaida yao Tunu angezikwa jioni ile ile. Ila Lulu, mtoto wake wa pekee, alikuwa China, mji wa Guangzhou, mwaka wa tatu sasa, anawasaidia wafanyabiashara wa Kariakoo kutafuta mizigo na kupakia makontena. Alilia kwenye simu mpaka spika ya simu ikakwaruza. Akasema anakuja, jamani msimzike mama, anakuja. Wakakubaliana maiti ilale hospitalini, wamngoje.

Kungoja mpaka lini, hapo ndipo palipoharibika.

Jioni, kabla ya Magharibi, wanaume walikaa kwenye mikeka uani chini ya turubai. Sadallah katikati, kanzu imenyooshwa, kofia imekaa sawa. Pembeni yake mwanawe Talha, kijana wa miaka thelathini mwenye duka la simu Buguruni, kidole juu ya kioo. Wanawake walikuwa upande wa jikoni, na Zubeda alikuwa karibu na mlango, anasikia kila kitu.

"Nimeipata," Talha akasema. "Kutoka uwanja wa Guangzhou mpaka uwanja wa Dar es Salaam, kilomita elfu nane mia saba na kumi na mbili. Muda wa kuruka, masaa kumi na moja."

Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Ile kumi na mbili ya mwisho ndiyo iliyowamaliza. Mtu akikwambia elfu tisa hivi unaweza kubisha, lakini akikwambia na kumi na mbili, utabishaje?

"Ndege yake inaondoka saa moja na nusu usiku kwa saa zetu," Sadallah akahesabu kwa vidole. "Kumi na moja mbele, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tumpe nafasi afike, aoge, apumue. Tunazika saa nne."

"Saa nne hajafika," Zubeda akasema kutoka mlangoni.

Wakageuka.

"Hiyo simu imepima kama kunguru, katoka mti huu katua mti ule. Ndege ya moja kwa moja ina siku zake na leo si siku yake. Nimeongea na Lulu, nimemuuliza, anapitia Doha. Masaa tisa mpaka Doha. Pale anakaa masaa manne. Halafu karibu masaa sita mpaka hapa. Ile ndege mie nimeifagia miaka, inatua saa nane mchana na dakika kumi. Tuzike baada ya Alasiri."

"Shangazi, mtandao unasema..."

"Mtandao umepanda ndege gani?"

Sadallah akainua mkono. Yeye alishapanda ndege, tena mara mbili ukihesabu na kurudi, alipokwenda Hija. Akatabasamu kile kitabasamu cha mtu mzima anayemvumilia mtoto.

"Zubeda, wewe umefagia ndege. Mie nimepanda."

Na watu wakacheka. Msibani, wamekaa kwenye mikeka ya marehemu, wakacheka. Si sana, kwa pua, kwa kujizuia, lakini Zubeda alikisikia kicheko cha kila mmoja na anaweza kukutajia majina mpaka leo. Akarudi jikoni. Alipompigia Lulu mara ya mwisho kabla hajapanda, hakumwambia habari ya saa nne. Alimwambia, "Usikabidhi begi, beba la mkononi tu. Omba siti ya mbele. Ukitoka nje usihangaike na teksi, panda pikipiki." Lulu akajibu ndiyo mama mdogo, ndiyo mama mdogo, huku analia.

Asubuhi ya Jumatano Zubeda aliomba jambo moja dogo, maiti ifuatwe hospitalini saa sita. Sadallah akaenda kuifuata saa moja. Makusudi? Mungu ndiye anayejua. Yeye alisema anataka mambo yaende kwa wakati.

Walipomwingiza Tunu chumbani, Zubeda akawatoa wote. Akafunga madirisha upande wa jua, akawasha feni mbili. Kisha akamwita Herieth, jirani yao Mchaga anayeuza juisi na barafu, na Herieth hakuuliza, alikuja na mabeseni mawili yamejaa mapande ya barafu, akayasukuma chini ya kitanda, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Yakiyeyuka niite," akasema. "Friji ninazo mbili." Zubeda akatoka, akaweka kigoda mlangoni, akakaa. Sanda na kafuri na pamba vilikuwa kwenye mkoba, na mkoba aliupakata.

Saa nne ikafika. Jeneza la msikiti likaja, likawekwa uani. Wanaume wamejaa mpaka barabarani. Lulu hayupo. Wakampigia, hapatikani.

"Anza kuosha," Sadallah akasema.

"Mtoto wake hajafika."

"Saa nne na robo hii. Kama alipanda angekuwa hapa tangu alfajiri. Masaa kumi na moja yalishapita, tena na ya ziada." Akainama kidogo, akashusha sauti, lakini haikushuka kiasi cha kutosha. "Zubeda, huyo mtoto hajapanda. Katudanganya. Watoto wa siku hizi wakishazoea huko, kwao wanakuona mzigo. Yupo China kalala."

Ebo! Mtoto yupo angani, tumbo tupu, macho yamevimba, amebanwa katikati ya watu asiowajua, na mjomba wake anasimama mlangoni pa mama yake anamwita mwongo kwa sababu simu imesema. Zubeda angeweza kupiga kelele mtaa mzima ukasikia, na mtaa mzima ulikuwa unangoja apige. Hakupiga.

"Simwoshi," akasema. "Mpaka Lulu afike."

"Nitaleta mwoshaji mwingine."

"Lete."

Akamleta kweli. Mama wa makamo kutoka Buguruni, alifika na pikipiki na mkoba wake. Akamsalimia Zubeda, akamtazama alivyokaa, akauliza kwa upole kuna nini. Zubeda akamwambia binti wa marehemu yupo njiani, anatua saa nane. Yule mama akamgeukia Sadallah. "Baba, mtu hamtoi mwenzie mlangoni pa dada yake. Mie nitakaa hapa nimsaidie mwanenu akija." Akavua viatu, akakaa chini pembeni ya kigoda.

Ndipo akaitwa shehe wa msikiti. Mzee wa watu alikuja, akakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya kaka na dada, akawasikiliza. Sadallah akasema maiti haikawizwi, jua kali, kaburi lipo wazi, watu wameacha kazi zao. Akamwita Talha aonyeshe simu, na Talha akaonyesha, elfu nane mia saba na kumi na mbili.

"Na wewe mama?" shehe akauliza.

"Shehe, mie sijasoma. Ila najua anayetoka huko anafika vipi, kwa sababu nimeokota uchafu wake miaka ishirini na mitatu. Inatua saa nane na kumi. Mtoto anaingia hapa kabla ya Alasiri. Simkawizi maiti kwa kiburi. Dada yangu aliniachia neno."

"Neno gani?"

Hapo Zubeda akamtazama kaka yake, si shehe. "Anajua."

Neno lenyewe lilisemwa hayupo, lakini kisa chake alikijua, au alikijua akakisahau, au hakutaka kukijua. Sadallah aliangalia pembeni. Shehe akasema ni kweli kuharakisha ni bora, na ni kweli pia mtoto ana haki yake, na kwa kuwa mwili umehifadhiwa vizuri, watangoja. Wataswali Alasiri, na baada ya hapo swala ya maiti. "Lakini mama," akamwambia, "Alasiri ni Alasiri. Akija au asije, tukitoka msikitini tunamchukua. Kwa hiyo ukiona muda unakuishia, mwoshe."

"Nimekusikia, shehe."

Wakangoja. Herieth alibadilisha barafu mara tatu. Wanaume wakaenda kuswali adhuhuri wakarudi, wengine hawakurudi. Wali ukaliwa. Sadallah alikaa uani, mkono wa kushoto kwenye magoti, saa yake inang'aa kwenye jua. Kila ndege ilipopita juu ya mabati watu waliinua nyuso, na Zubeda, bila kuinua uso, akasema, "Siyo." Ile ya Zanzibar. Ile ya Mbeya. Ile ndogo ya watalii. Anazijua kwa sauti kama mama anavyojua mwanawe yupi anakohoa.

Saa nane na dakika kumi, kimya.

Saa nane na robo, kimya. Saa nane na nusu. Talha alikuwa ameacha kucheza na simu. Zubeda alikaza mkoba kifuani, na hapo, nikwambie ukweli, aliogopa. Maana ndege huchelewa, nani anajua hilo kuliko yeye? Ameshakaa na ufagio kivulini masaa mawili akingoja ndege iliyoshikwa huko ilikotoka. Aliwaza atakavyoingia mle ndani peke yake, atakavyomwaga maji ya kwanza na kusema Tunu nisamehe. Akawaza Lulu akishuka kwenye pikipiki na kukuta watu wanasugua masufuria.

"Muda unakwisha," Sadallah akasema. Hakusema kwa ubaya. Na hilo ndilo lililomchoma Zubeda zaidi, kwamba kaka yake aliridhika.

Saa nane na dakika thelathini na saba ikasikika. Nzito, ya chini, inavuta. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Zubeda akasimama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Weka maji jikoni."

Hakuna aliyemcheka sasa. Wanawake wakakimbilia jikoni, mwoshaji wa Buguruni akafungua mkoba wake, majani ya mkunazi yakatwangwa. Na Lulu, aliyekaa siti ya mbele, hana begi la kungoja, akapita pale uwanjani akikimbia, akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Saa tisa na dakika tano akaingia mlangoni na kikoba mgongoni, midomo imekauka, nywele zimekandamizwa upande mmoja. Akasema, "Shikamoo mjomba," maana alilelewa vizuri, kisha akapita. Alipomfikia Zubeda akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Amezikwa?"

"Kazikwa na nani mie nipo hapa? Inuka, nawa mikono. Mama yako anakungoja."

Yaliyofanyika ndani ni ya wanawake na ya Tunu. Nitasema tu kwamba Lulu alimwosha mama yake kwa mikono yake, Zubeda akamwelekeza, taratibu, kama Tunu alivyomweleza yeye siku ile, maji yalivyo, uso ulivyo. Ila safari hii hapakuwa na haja ya kuelezwa. Adhana ya Alasiri ilipolia walikuwa wanafunga sanda.

Jeneza lilipotoka, Lulu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kikombe cha chai mkononi. Akasema, sauti imekwisha, "Mama mdogo, nilijua mtangoja. Nilipofika Doha nikatuma ujumbe nikasema nitafika saa nane. Nilituma kwenye simu ya mama, kama nilivyokuwa nakutumiaga siku zote."

Zubeda anatumia kitochi, simu ndogo ya vitufe isiyo na mtandao. Miaka yote hiyo picha za Lulu, sauti za Lulu, zilikuja kwa simu ya Tunu, Tunu akamwita dada yake waje kusikiliza wote. Mtoto kwa uchovu na kilio kidole chake kikaenda kilikozoea.

"Simu ya mama yako iko wapi?" Zubeda akauliza.

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Aliichukua kaka yenu, jana pale hospitalini. Akaizima. Akasema ni heshima kwa marehemu." Tangu alfajiri jibu lilikuwa limezimwa ndani ya mfuko wa kanzu, hatua tano kutoka kwenye kigoda, na mwenye kanzu anamwita mtoto mwongo. Zubeda alikunja mikono ya gauni lake iliyolowa, akangoja wanaume warudi makaburini.

Walirudi karibu na Magharibi. Wakakaa kwenye mikeka, ikasomwa dua, kahawa ikapita. Sadallah akashika kipaza sauti kuwashukuru watu. Akawashukuru majirani, akamshukuru shehe, akamshukuru Herieth kwa barafu. Kisha akasema, "Na kama mlivyoona, sisi wanaume wa familia tulikaa, tukatumia busara, tukaona si vizuri, tumsubiri mtoto. Na alhamdulillahi amefika, amemstiri mama yake."

Talha aliinamisha kichwa. Angalau yeye aliona haya.

Zubeda akatoka jikoni. Hakufunika hasira, hakujipangusa uso. Alipita katikati ya viatu vya watu, akasimama ukingoni mwa mkeka wa wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Talha mwanangu, bando unalo?"

"Ninalo, shangazi."

"Toa simu. Tafuta kama ulivyotafuta jana. Lakini sitaki China. Andika kutoka hapa tulipo, mpaka uwanja wa ndege. Pale getini kwa wafanyakazi."

"Zubeda," Sadallah akasema, kipaza sauti bado kipo mdomoni, mtaa mzima ukasikia. "Siyo sasa."

"Sasa. Miaka yote hii hili nimelinyamazia. Andika, mwanangu."

Talha akaandika. Alikuwa na miaka kumi na kitu siku ile bibi yake alipofariki, hajui anaandika nini.

"Kilomita nne nukta sita," akasoma. "Kwa gari dakika kumi na tatu."

"Na kwa miguu?"

"Dakika hamsini na nane."

"Mama alifariki saa mbili asubuhi," Zubeda akasema. Hakuwa anamsemesha Talha tena. "Mkamzika baada ya adhuhuri. Mlikuwa na masaa matano, kaka. Ukaniambia ni mbali. Lulu katoka China na mama yake kamkuta. Mie nilikuwa hapo, naokota soksi za watu. Nani alitumwa aje kuniita?"

Kahawa iliacha kupita. Sadallah akashusha kipaza sauti. Mkono wake mwingine ulikuwa umeingia mfukoni mwa kanzu, ulikokuwa na simu ya Tunu, ukabaki humo humo. Kwa mara ya kwanza tangu Zubeda amjue, hakuwa na hesabu ya kupiga.

"Sijasikia," Zubeda akasema. "Talha, msomee tena baba yako."

Talha akamtazama baba yake, akamtazama shangazi yake. Kisha akasoma tena.